Psychikos: mwongozo kamili wa kulielewa neno la Kigiriki linalotafsiriwa "wa tabia ya asili"

"Basi mwanadamu wa tabia ya asili hayapokei mambo ya Roho wa Mungu; maana kwake huyo ni upuzi, wala hawezi kuyafahamu, kwa kuwa yatambulikana kwa jinsi ya rohoni." Ndivyo Biblia ya Union inavyosema katika 1 Wakorintho 2:14, na ni mstari unaopendwa sana mimbarani. Nimeusikia ukitumika kumnyamazisha kijana aliyeuliza swali gumu, kumshusha aliyesoma chuo kikuu, na kumhukumu mzee anayeshika mila za kwao. Matumizi hayo matatu yana chanzo kimoja: msemaji ameshika neno la Kiswahili, akaishia hapo, asiulize Paulo aliandika neno gani na neno hilo linafanya kazi gani linapotokea kwingine.

Neno lenyewe ni psychikos (ψυχικός). Huhitaji kujua Kigiriki ili kulichunguza. Unahitaji Biblia ya Union, tafsiri nyingine ya Kiswahili ya kulinganishia, daftari, na ama itifaki (kitabu kinachoorodhesha mistari kwa kila neno) yenye namba za Strong, yaani namba aliyopewa kila neno la Kigiriki, ama simu yenye intaneti. Tovuti za Blue Letter Bible, Bible Hub na STEP Bible ni za bure, na ukigusa neno katika mstari zinakuonyesha Kigiriki chake pamoja na namba. Tenga jioni mbili tulivu. Kazi hii haipendi haraka.

Hatua ya kwanza: hakikisha umeshika neno lenyewe

Hapa ndipo wengi wanapopotea kabla hawajaanza. Mtu anachukua neno "asili", analitafuta katika Biblia nzima ya Kiswahili, anakusanya mistari, kisha anafundisha kana kwamba yote inazungumzia jambo moja. Lakini "asili" ya Biblia ya Union inasimama mahali pa maneno ya Kigiriki yasiyo na undugu.

Warumi 1:26 inazungumzia "matumizi ya asili". Neno la Kigiriki hapo ni physikos, namba 5446, linalotokana na physis, namba 5449, yaani maumbile, jinsi kitu kilivyozaliwa au kilivyo chenyewe. Physis hilohilo limo katika Warumi 11:24, panapotajwa mzeituni mwitu "kwa asili yake", na katika Waefeso 2:3, "kwa tabia yetu". Ukienda Yakobo 1:23, mtu anajiangalia "uso wake wa asili" katika kioo, na huko neno ni genesis, namba 1078, kuzaliwa: uso aliozaliwa nao. Ndipo unafika 1 Wakorintho 2:14 na kukuta psychikos, namba 5591, ambalo halina uhusiano wa mzizi na hayo mawili.

Upande wa pili nao una mtego. Psychikos limo katika Yakobo 3:15 na Yuda 19, ila ukitafuta "asili" katika mistari hiyo hulioni. Yakobo katika Union anasema "ya tabia ya kibinadamu", Yuda anasema "watu wa dunia hii tu". Kwa hiyo itifaki ya Kiswahili peke yake inakupa mistari isiyohusika na kukunyima inayohusika. Tumia namba 5591, siyo neno "asili".

Ongeza na hili: katika Kiswahili cha kila siku "asili" ni chanzo, mahali mtu alikotoka. Tunasema dawa za asili, ngoma za asili, dini za asili, na "asili yake ni Mbinga". Msikilizaji aliyezoea maneno hayo akisikia "mwanadamu wa tabia ya asili", ni rahisi sana akamwona bibi yake kijijini na mitishamba yake. Hakuna hata chembe ya maana hiyo katika psychikos. Mkorintho mwenye elimu ya kirumi, nyumba ya marumaru na ulimi wa kuhutubia umati angeweza kuwa psychikos vizuri kabisa, na kwa kweli ni mtu wa aina hiyo ambaye Paulo anamfikiria zaidi. Tutarudi kwake.

Hatua ya pili: andika mahali pote linapotokea

Agano Jipya lina psychikos mara 6 tu. Ni bahati, kwa sababu unaweza kuyasoma yote jioni moja bila kuchagua:

1 Wakorintho 2:14, mwanadamu wa tabia ya asili.
1 Wakorintho 15:44, mara mbili, mwili wa asili.
1 Wakorintho 15:46, ule wa asili.
Yakobo 3:15, hekima ya tabia ya kibinadamu.
Yuda 19, watu wa dunia hii tu.

Ukiangalia Kigiriki utaona mwisho wa neno unabadilika: psychikos, psychikon, psychikē, psychikoi. Usibabaike. Ni upatanisho, kama sisi tunavyosema mtu mwema, mwili mwema, hekima njema, watu wema. Neno ni lilelile; linafuata nomino yake.

Kwenye daftari, acha nusu ukurasa kwa kila mahali. Andika aya nzima inayozunguka mstari, siyo mstari peke yake. Chini yake acha nafasi ya kujibu maswali mawili: neno hili linaeleza nini hapa, na limewekwa kinyume cha neno gani?

Hatua ya tatu: lifungue neno uone limeundwa na nini

Psychikos limetoka kwa psychē (namba 5590) na kiambishi -ikos. Anza na psychē, linalotokea takriban mara 100 katika Agano Jipya. Utafurahi kuona jinsi wafasiri wa Union walivyolishughulikia. Katika Mathayo 16:26 ni "nafsi": mtu akiupata ulimwengu wote na kupata hasara ya nafsi yake. Yohana 10:11 ni "uhai": mchungaji mwema huutoa uhai wake. Kwa Mariamu, Luka 1:46, ni "moyo": moyo wangu wamwadhimisha Bwana. Mathayo 10:28 ni "roho": wasioweza kuiua roho. Na katika Matendo 27:37 ni "watu" tu: waliokuwa merikebuni na Paulo walikuwa psychai 276. Tafsiri tano, neno moja. Kinachoyaunganisha ni uhai wa kiumbe, yeye mwenyewe akiwa hai, anahisi, anataka, anaogopa, anafikiri.

Msomaji wa Kiswahili ana faida kubwa hapa. "Nafsi" yetu tuliipata kwa Kiarabu, nafs, ambayo ni ndugu wa nefesh ya Kiebrania. "Roho" yetu ni ruh ya Kiarabu, ndugu wa ruakh ya Kiebrania. Wayahudi waliotafsiri Agano la Kale kwenda Kigiriki, ile tafsiri iitwayo Septuaginta, kwa kawaida waliweka psychē mahali pa nefesh na pneuma mahali pa ruakh. Kwa hiyo jozi ya nafsi na roho iliyo kinywani mwetu inalingana vizuri na jozi aliyokuwa nayo Paulo.

Tatizo ni kwamba katika mazungumzo tumeipa roho kazi za nafsi. Tunasema fulani ana roho mbaya, roho inaniuma, mgonjwa amekata roho. Mengi ya hayo Mgiriki angeyaweka upande wa psychē. Matokeo yake, tukisikia "mtu wa rohoni" tunamfikiria mtu mtulivu, mwenye kutafakari, mwenye utu wa ndani. Paulo hasemi hivyo. Kwake pneumatikos ni mtu anayeongozwa na Roho wa Mungu, na kinyume chake, psychikos, ni mtu anayeishi kwa nafsi yake tu, kwa uhai ule wa kuzaliwa, akiwa na vyote alivyopewa binadamu isipokuwa huyo Roho. Kama ningelazimishwa kutoa tafsiri ya neno kwa neno ningesema "wa nafsi".

Kiambishi -ikos nacho kina uzito. Kigiriki kina kiambishi kingine, -inos, ambacho mara nyingi huonyesha kitu kimetengenezwa kwa nini. Katika 2 Wakorintho 3:3 vibao vya mawe ni lithinais, na mioyo ya nyama ni sarkinais: mawe na nyama ndiyo malighafi. Kwa upande wa -ikos, kawaida ni uhusiano: kinachohusu, kinachotawaliwa na, kinachofaa kwa. Mpaka kati ya viambishi hivi haukuwa ukuta, maana Paulo mwenyewe katika 1 Wakorintho 3 anatumia sarkinos mstari wa 1 na sarkikos mstari wa 3 kwa watu walewale. Lakini ni dalili nzuri ya kuanzia, na itatusaidia sana tukifika sura ya 15.

Tahadhari moja kabla ya kuendelea. "Saikolojia" nayo imetoka kwa psychē, na kuna walimu wanaokimbilia kusema kwamba Paulo alikuwa anakataa saikolojia. Elimu hiyo kwa jina hilo ilikuja karne nyingi baada ya Paulo. Mzizi wa neno unakuambia lilikotoka. Maana yake unaipata katika sentensi.

Hatua ya nne: tafuta neno linalopingana nalo

Kama una nafasi ya kufanya hatua moja tu ya mwongozo huu, fanya hii.

Nje ya Agano Jipya, psychikos lilikuwa na heshima. Aristotle, mwanafalsafa wa Kigiriki, alipogawanya raha alisema kuna raha za nafsi, psychikai, na raha za mwili, sōmatikai. Za nafsi zikiwa mambo kama kupenda heshima na kupenda elimu. Wamakabayo wa Nne, maandishi ya Kiyahudi ya Kigiriki ambayo hayamo katika Biblia ya Union, yanasema vivyo hivyo katika 1:32: tamaa nyingine ni za nafsi, nyingine za mwili, na akili inatawala zote mbili. Katika jozi hiyo, nafsi dhidi ya mwili, psychikos liko upande wa juu.

Paulo analichukua neno hilohilo na kulibadilishia mwenzake. Analiweka mbele ya pneumatikos, namba 4152. Mara lilipokutana na Roho wa Mungu, neno lililokuwa upande wa juu likajikuta upande wa chini, bila maana yake ya msingi kubadilika. Nafsi ni ileile. Kilichobadilika ni kile inacholinganishwa nacho. Pneumatikos linatokea mara 26 katika Agano Jipya, na 15 kati ya hizo zimo katika 1 Wakorintho peke yake. Huo ndio waraka ambao suala la nani ni wa rohoni lilikuwa moto.

Sasa rudi kwenye daftari ujaze swali la pili. Sura ya 2: kinyume ni pneumatikos (mstari wa 15). Sura ya 15: kinyume ni pneumatikos tena. Yuda 19: kinyume ni kuwa na Roho. Yakobo 3:15: kinyume ni "ishukayo kutoka juu". Angalia kwamba hakuna hata mahali pamoja ambapo kinyume cha psychikos ni akili, elimu, au mwili. Kwa hiyo mhubiri anayesema mtu wa tabia ya asili ni yule "anayetumia akili" ameweka mwenzake wa neno ambaye Paulo hakumweka.

Hatua ya tano: soma kila mahali, ukianza na sura ya 15

Wengi huanza na 2:14 kwa kuwa ndio mstari maarufu. Mimi nakushauri uanze na sura ya 15, kwa sababu huko Paulo mwenyewe anaeleza alikolitoa neno.

Wakorintho wameuliza, au kuna anayeuliza kwa dhihaka: "Wafufuliwaje wafu? Nao huja kwa mwili gani?" (15:35). Paulo anajibu kwa mbegu, kisha kwa jozi nne: uharibifu na kutoharibika, aibu na fahari, udhaifu na nguvu, na ya mwisho, "hupandwa mwili wa asili, hufufuliwa mwili wa roho". Ni sōma psychikon na sōma pneumatikon.

Watu wengi husikia "mwili wa roho" wakafikiri ni mwili uliotengenezwa kwa roho, kitu kama mvuke kisichoshikika, na hapo ufufuo wenyewe unayeyuka. Kiswahili chetu kinachangia, maana kiunganishi "-a" kina maana nyingi. Chungu cha udongo kimetengenezwa kwa udongo, lakini jiko la mkaa halikutengenezwa kwa mkaa. Ni chuma, na mkaa ndio unaoliwasha. Mwili wa roho wa Paulo ni "wa" ile ya jiko: mwili unaohuishwa na Roho. Mwili wa asili vilevile ni mwili unaohuishwa na nafsi, na kila mtu anajua kwamba huo haukutengenezwa kwa nafsi. Una mifupa na damu. Kama sōma psychikon si mwili wa malighafi ya nafsi, hakuna sababu ya kufanya sōma pneumatikon kuwa mwili wa malighafi ya roho. Kama bado una shaka, soma 10:3-4 ya waraka huohuo, ambapo mana ni "chakula cha roho" na mwamba ni "mwamba wa roho". Waisraeli waliitafuna ile mana.

Halafu unakuja mstari wa 45, ulio ufunguo wa neno zima: "Ndivyo ilivyoandikwa, Mtu wa kwanza, Adamu, akawa nafsi iliyo hai, Adamu wa mwisho ni roho yenye kuhuisha." Paulo ananukuu Mwanzo 2:7 katika Septuaginta, ambapo Adamu anakuwa psychēn zōsan. Hapo ndipo alipolichota psychikos. Mtu wa psychē ni mtu wa Adamu, yule aliyetoka mavumbini akapuliziwa pumzi.

Sasa fungua Mwanzo na uangalie vitu viwili. Kwanza, maneno hayohayo, psychē zōsa, Septuaginta imeyatumia kwa wanyama katika Mwanzo 1:24, ambapo Union inasema "kiumbe hai". Uhai wa psychē tunashirikiana na ng'ombe na samaki. Pili, na hili ni zito zaidi, Mwanzo 2:7 iko kabla ya Mwanzo 3. Adamu alikuwa nafsi hai kabla hajala tunda, wakati Mungu alipoviangalia vyote na kuviona vyema. Basi psychikos kwa msingi wake haina maana ya "mwenye dhambi". Ni hali ya kiumbe: hai, nzuri, lakini yenye mpaka na inayoweza kufa. Nafsi ya Adamu ilipokea uhai, Kristo anautoa. Mstari wa 46 unaweka utaratibu: "hautangulii ule wa roho, bali ule wa asili, baadaye huja ule wa roho." Cha asili kina zamu yake katika mpango wa Mungu, na zamu hiyo ni ya kwanza.

Ukishaielewa sura ya 15, rudi 2:14, na utaona mstari unasikika tofauti. Mwanadamu wa tabia ya asili ni mwana wa Adamu akiwa na vipaji vyote vya Adamu. Mstari wa 11 unasema wazi kwamba kila binadamu ana "roho ya binadamu iliyo ndani yake" inayoyajua mambo yake, kwa hiyo mafundisho kwamba mtu huyu ana sehemu fulani ya ndani iliyokufa au kukosekana hayakutoka katika aya hii. Anachokosa ni Roho atokaye kwa Mungu, anayetajwa mstari wa 12.

Angalia na vitenzi. "Hayapokei" ni dechomai, kitenzi kinachotumika pia kwa kumkaribisha mgeni. Tatizo linaanzia mlangoni, kwenye kukaribisha. "Yatambulikana" ni anakrinō, kuchunguza na kupima kama hakimu anavyomhoji mshtakiwa. Pilato anakitumia katika Luka 23:14 akisema amemwuliza Yesu, na Waberoya wa Matendo 17:11 wanasifiwa kwa kufanya hilohilo na maandiko: "wakayachunguza maandiko kila siku". Kwa hiyo mtu wa rohoni, katika Kigiriki cha Paulo, ndiye anayepima na kuchunguza. Kuuliza maswali ni kazi yake. Mstari huu hauwezi kutumika kumkataza kijana asiulize bila kuugeuza chini juu.

Na "mambo ya Roho wa Mungu" ni yapi? Wengi hujaza hapo ndoto, maono na unabii. Paulo ameshajaza mwenyewe. Neno "upuzi", mōria, ndilo alilolitumia katika 1:18 na 1:23 kwa neno la msalaba. Katika 2:2 amesema hakutaka kujua lo lote kwao ila Yesu Kristo, naye amesulibiwa. Katika 2:8 anasema wenye kuitawala dunia hii wangalijua, wasingalimsulibisha Bwana wa utukufu. Hao watawala ndio mfano wake wa watu wasiopokea. Psychikos wa kwanza anayepita mbele ya macho yetu katika sura hii ni mkubwa wa kiti, mwenye madaraka, ambaye haoni hekima yo yote katika Mungu anayekubali kudhalilishwa. Korintho ilikuwa koloni la Kirumi, iliyojengwa upya kwa amri ya Julius Caesar mwaka 44 KK, na katika mji kama huo msalaba ulikuwa adhabu ya watumwa na waasi. Ndiyo maana ulikuwa upuzi.

Ukiendelea hadi 3:1-3 utakuta jambo ambalo wahubiri hulipita. Paulo anawakemea Wakorintho kwa husuda na fitina, lakini hawaiti psychikoi. Anawaita sarkinoi na sarkikoi, watu wa tabia ya mwilini, watoto wachanga katika Kristo, na katika 3:16 anawakumbusha kwamba Roho wa Mungu anakaa ndani yao. Mkristo mgomvi katika waraka huu ni wa mwilini. Usimhamishie mstari ambao Paulo hakumpa.

Yakobo na Yuda havitakuchukua muda mrefu. Yakobo 3:15 inapanga sifa tatu za hekima yenye wivu na ugomvi: epigeios, ya dunia, psychikē, daimoniōdēs, ya kishetani. Mpangilio unashuka ngazi kwa ngazi, na psychikē iko katikati. Hapa neno lina ubaya kuliko katika sura ya 15, kwa sababu linaeleza hekima iliyojifunga kwa nafsi na kukataa ya juu. Yuda 19 ndiyo inayokaribia kutoa maana kama kamusi: "watu wa dunia hii tu, wasio na Roho". Hao kwa Yuda ni waletao matengano, na hapa unaona kwamba Yuda ni mkali kuliko Paulo: wagomvi wa Paulo wana Roho, wagomvi wa Yuda hawana. Acha tofauti hiyo ibaki kwenye daftari lako kama ilivyo. Waandishi wawili wanakabili watu wawili tofauti.

Hatua ya sita: angalia neno lilivyotumiwa baadaye

Historia inaonyesha kwamba neno hili liligeuzwa fimbo mapema sana. Irenaeus, askofu wa Lyon, akiandika karibu na mwaka 180, anaeleza mafundisho ya wafuasi wa Valentinus, mwalimu ambaye Irenaeus alimpinga: binadamu ni wa namna tatu, wa roho, wa nafsi na wa udongo. Wao wenyewe walijiweka katika kundi la kwanza, wakasema wanaokolewa kwa physis, kwa maumbile yao. Wakristo wa kawaida wa kanisani wakawaweka katika kundi la psychikoi, watu wa daraja la pili wanaohitaji imani na matendo mema. Miongo michache baadaye mwandishi Mkristo Tertullian wa Karthago, katika Tunisia ya leo, alipoungana na Wamontano, vuguvugu la Kikristo lililosisitiza unabii na nidhamu kali, aliandika kitabu kizima juu ya kufunga dhidi ya hao aliowaita psychici, akimaanisha Wakristo wenzake ambao hawakufunga kwa ukali aliotaka.

Kwa Paulo hali hizi mbili si tabaka za kuzaliwa. Adamu anakuja kwanza, Kristo baadaye, na mtu mmoja anatoka kwa huyu kwenda kwa yule. Ukisikia mafundisho ya leo yanayowapanga waumini katika madaraja ya kudumu, wa rohoni juu na wa asili chini, unasikia sauti ya Valentinus zaidi ya sauti ya Paulo.

Tafsiri nazo zina historia yake. Vulgata, Biblia ya kale ya Kilatini, ilisema animalis homo, kutoka anima, nafsi; ni tafsiri sahihi, ingawa sikio la baadaye lilisikia "mnyama". Martin Luther kwa Kijerumani na William Tyndale kwa Kiingereza, mwanzoni mwa karne ya 16, wote walichagua neno lenye maana ya "mtu wa asili", na njia hiyo ndiyo iliyoenea.

Hatua ya saba: chagua maneno ya kufundishia

Chukua tafsiri yako ya pili, Habari Njema au nyingine, uandike kila moja inavyosema katika mahali pote 6. Utaona nyingine zinaweka "dunia", nyingine "kawaida", nyingine "asiye na Roho". Zote zina kitu sahihi, lakini kila moja inafaa mahali pake. "Asiye na Roho" inafaa sana 2:14 na Yuda 19, ila ukiiweka katika 15:44 unapata mwili usio na Roho, jambo ambalo Paulo hakusudii kusema. Mkristo aliyejaa Roho bado anazikwa katika sōma psychikon. "Wa kidunia" inamfanya msikilizaji afikirie baa na starehe. "Wa kawaida" inafaa kwa mwili, lakini kwa Yakobo ni laini mno.

Nikifundisha, mimi husoma Union kama ilivyo kisha naongeza maelezo mafupi: katika 2:14 nasema "yaani mtu anayeishi kwa nafsi yake tu, bila Roho wa Mungu", katika 15:44, "yaani mwili wenye uhai wa nafsi, kama wa Adamu", kwa Yakobo, "hekima inayoishia kwenye nafsi". Neno "nafsi" linabaki katika yote matatu, na msikilizaji anaona kwamba ni uzi mmoja.

Kabla hujasimama mbele ya watu, jipime kwa maswali haya. Je, maelezo yangu yanaweza kusimama katika 15:44-46 bila kumfanya Adamu wa Mwanzo 2 kuwa mwovu? Je, nimeuacha msalaba kuwa ndio "mambo ya Roho" ya sura ya 2? Je, kuna mtu ninayemlenga kwa mstari huu ambaye Paulo angemwita kwa jina lingine? Jibu likikwama, rudi kwenye aya husika, siyo kwenye kamusi.

Ukimaliza, tumia hatua hizihizi kwa physis, namba 5449. Linatokea mara 14, na nusu ya hizo zimo katika Warumi. Anza na mizeituni ya Warumi 11:21-24, kisha 1 Wakorintho 11:14 juu ya nywele, kisha 2 Petro 1:4, panaposemwa waamini wanakuwa washirika wa physis ya Mungu mwenyewe. Acha Warumi 1:26 mwishoni, baada ya mengine kukuonyesha neno linavyofanya kazi.